Kazi ya Kupokea Wageni Imenitoa Jasho

Jamani, mimi niliajiriwa kupokea wageni wa kampuni, sikuajiriwa kucheza sarakasi! Siku hizi mgeni akiingia sijui hata mikono yangu niiweke wapi.

Akija Mjapani, kadi yake ya biashara naipokea kwa mikono miwili, nainama kidogo, halafu naisoma. Naisoma kwelikweli, kama majibu ya mtihani: jina, cheo, mpaka namba ya faksi. Ole wako uitumbukize mfuko wa nyuma halafu uikalie, hapo umemkalia mwenyewe! Kikaoni kadi zao unazitandaza mezani, ukizipanga vile wenyewe walivyokaa. Nakubali, kwa kichwa changu hiki kinachosahau majina ni msaada mkubwa. Lakini afungue mtu dirisha, upepo upite: mkurugenzi anahamia kiti cha mhasibu.

Akija wa Saudia, mkono wa kushoto usimpe kitu, wala nyayo za viatu zisimwelekee. Basi nabana miguu chini ya kiti hadi inakufa ganzi. Na yule mama ambaye dini yake haimruhusu kushika mkono wa mwanamume? Anaweka wake kifuani kwa heshima zote, nawe wako uko hewani, inabidi ujifanye unatafuta swichi ya taa.

Sasa njoo kwenye kichwa. Mbulgaria akikubali, anakitikisa huku na huku. Bosi wetu hakuambiwa. Kataja bei, mgeni katikisa kichwa, bosi kapunguza. Katikisa tena, kapunguza tena. Kumbe maskini alikubali tangu bei ya kwanza, anashangaa tu ukarimu huu umetoka wapi! Balaa zaidi, wapo Wabulgaria waliozoea kusafiri, wanatikisa kwa mtindo wetu ili tusihangaike. Hapo ndipo tunapohangaika.

Mjerumani sina neno naye: anafika kabla ya saa, anamaliza kwa saa, anaondoka.

Tatizo ni tarehe. Tumeandika 03/04. Mmarekani akasoma Machi 4, Mwingereza akasoma Aprili 3. Ukumbi nikaupamba mara mbili, na kila aliyefika akaniuliza mwenzake yuko wapi, kana kwamba nimemficha stoo.

Sasa nasikia wiki ijayo wanakuja wote kwa pamoja. Nimemfuata bosi anielekeze. Hata kichwa hakuinua: "Wapokee kwa njia ya kawaida tu."

Kawaida ya nani, bosi?