Mama mdogo hakuhitaji duka la mtandaoni

Jana nilikuwa Tabata kwa mama mdogo na mpaka saa hizi roho inaniuma. Anaoka keki za besdei na za sendofu, mtaa mzima unamjua, na mwaka jana alilipa 800,000 kutengenezewa websaiti. Laki nane jamani, na oveni anayo moja tu!

Akanipa simu niione. Ikazunguka weee, bando linaliwa, ndo likaja lipicha la mzungu kashika keki ambayo mama mdogo hajawahi kuioka. Chini yake weka kwenye kapu, halafu ujisajili, utunge paswedi, ujaze namba ya kadi ya benki. Keki ya 35,000! Wateja wake wanalipa kwa Lipa Namba, nusu kwanza, nusu keki ikifika. Tukaangalia oda, mwaka mzima imeingia moja, na aliiweka yuleyule aliyeitengeneza akiwa anajaribu. Mama mdogo akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani mi nimekosea wapi?"

Hujakosea mama. Hakuna aliyekuuliza wateja wako wananunuaje, na hilo ndo swali la kwanza kabla hata ya bei.

Keki hainunuliwi kama sabuni. Mtu anataka kujua kilo mbili sh ngapi, mtaandika jina la mtoto, fondanti, lile ganda laini la sukari la kufunika keki, inaongeza bei gani, na mkileta Kimara na boda si itafika imebonyea? Hayo ni maongezi, na maongezi yake yote yako WhatsApp, nimeona mwenyewe anavyojibu na unga mkononi. Kwa hiyo alihitaji ukurasa mmoja mwepesi unaofunguka hata kwa bando la mia tano, wenye picha za keki alizooka yeye, bei ya kuanzia kwa kilo, oda iwekwe siku ngapi kabla, ramani ya kufika, na kitufe cha kumpeleka mteja WhatsApp. Basi. Tena katalogi ya WhatsApp Business, pale unapopanga picha na bei za bidhaa zako, ni bure, na kujiweka Google Maps ni bure.

Duka kamili la mtandaoni lina wenyewe, mfano muuza spea mwenye vitu mia nne vyenye bei inayojulikana. Fundi aluminiamu aweke picha za kazi zake. Mwenye lodge aweke vyumba na tarehe.

Haya, wanaosema usiegemee mitandao ya watu peke yake nawakubalia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja kuanzia jioni mpaka usiku mkubwa, mwenye oda za kesho yake akabaki anaangalia simu tu. Ndo maana ukurasa wako uwepo, na namba ya kupiga kawaida iwe juu kabisa.

Na kilichonitia hasira zaidi, lile jina la websaiti yake linaloishia na .co.tz limesajiliwa kwa jina la fundi aliyeitengeneza, paswedi zote anazo yeye, yaani mama mdogo kalipia kitu ambacho hata kukizima hawezi. Naomba sana, kabla hujatoa hata mia hakikisha domeni, yaani hilo jina la websaiti, iko kwa jina lako na imeili yako.

Jumamosi narudi Tabata. Ana keki tatu za sendofu, nitazipiga picha palepale mezani kabla boda hajaja kuzichukua.