Faili Limebaki Changamwe, Mgonjwa Yuko Lungalunga

Miongoni mwa wagonjwa ambao kliniki za Mombasa huwaandika kuwa wameacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, wamo ambao hawakuacha chochote ila walihama. Mmoja amekwenda Mariakani kufuata kazi ya ghalani, mwingine amerudi Kwale kujifungulia kwa mamake, na wa tatu ni utingo wa lori ambaye dawa zilimwishia Malaba, mpakani mwa Uganda. Huko walikofika walijiandikisha upya, pengine wakajifanya hawajawahi kupimwa, kwa sababu hawakuwa na barua ya uhamisho na walichelea kukaripiwa. Kituo cha kwanza huendelea kupiga simu isiyopokelewa, cha pili hufurahia kupata mgonjwa mpya, na hesabu za eneo zima huharibika pande zote mbili. Kwa maoni yangu, ushirikiano wa watoa huduma wa Pwani unapaswa kuanzia hapo, wala si katika makongamano ya hoteli za ufuoni, ambayo tumeyaona ya kutosha.

Mji huu haujawahi kuwa na watu wanaokaa pahala pamoja. Bandari ya Kilindini ndiyo mwanzo wa barabara kuu inayopita Nairobi kuelekea Uganda na Rwanda. Upande wa kusini, kivuko cha Likoni hufungua njia ya Msambweni, Lungalunga na Tanga. Na wavuvi wa Pemba huja Shimoni na Vanga kwa kufuata misimu ya pepo, kama walivyofanya wazee wao. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kila kaunti ina idara yake ya afya, bajeti yake na vipaumbele vyake. Ugatuzi umetuletea mema mengi, ila mgonjwa hatazami ramani ya kaunti anapokwenda kutafuta riziki.

Hata namba anayopewa mgonjwa inasema mengi. Namba ya kliniki ya matunzo, ambayo wengi huiita namba ya sisisi kwa herufi zake za Kiingereza, CCC, ina tarakimu 10, na tano za mwanzo ni za kituo alichoandikishwa. Hilo lingekuwa jambo dogo la karani lau vituo visingepimwa kwa idadi ya wagonjwa wanaoendelea kutumia dawa. Kwa muda mrefu wafadhili wamekiwekea kila kituo shabaha yake, na ripoti ya mwezi huonyesha nani ameifikia na nani amepungukiwa. Katika mpangilio wa namna hiyo, kumpa mgonjwa barua ya uhamisho ni kujipunguzia alama, na kumpigia simu mwenzako wa Kilifi ili kuuliza kama amewasili ni kazi isiyo na safu katika ripoti. Siwalaumu wauguzi. Wanafanya kile wanachopimiwa, na anayetaka washirikiane sharti kwanza abadilishe kipimo: uhamisho uliothibitishwa uhesabiwe kuwa mafanikio ya vituo vyote viwili.

Madhara yake hayaishii kwenye takwimu. Mgonjwa anayeanzishwa upya kana kwamba ni mgeni huja bila historia ya dawa alizowahi kutumia, wala ya vipimo vya wingi wa virusi, wala ya usugu wa virusi kwa dawa uliokwisha kuonekana. Tabibu hulazimika kubahatisha, au kusubiri miezi kadhaa hadi kipimo kipya kimwonyeshe lile ambalo mwenzake alilijua zamani. Aliye na virusi chini ya 200 katika kila mililita ya damu hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono, lakini dawa zikikatika, virusi huweza kupanda tena katika muda wa wiki chache. Kwa mama aliyejifungua hali ni nzito zaidi: mtoto hupimwa anapofikisha wiki 6, majibu hurudi pale damu ilipotolewa, na huenda wakati huo mama amekwisha kuvuka kivuko na kurudi kwake.

Kuna pingamizi moja ambalo sitaki kulipita haraka. Watu wengine huchagua kliniki ya mbali kwa makusudi, ili wasikutane kwenye benchi na jirani au shemeji, na mfumo unaomwonyesha kila karani faili la kila mtu utawafukuza hao kabla ya wengine wote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu kinga na udhibiti wa ukimwi inakataza kufichua hali ya mtu bila ridhaa yake, na sioni sababu ya kuilegeza. Taarifa zifuate ridhaa ya mgonjwa na ziende kwa tabibu anayempokea pekee. Mtambo wa kompyuta unaomwaga siri ni hasara kuliko faili la karatasi.

Mpaka wa Tanzania ungepaswa kuwa mwepesi kuliko tunavyoufanya. Mchanganyiko wa dawa anaoanzishiwa mgonjwa, wenye dawa iitwayo dolutegravir, unatumika pande zote mbili, kwa hiyo kinachokosekana katika vituo vya mpakani vya Horohoro na Lungalunga ni karatasi inayotambulika kwa wote. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha mswada wa ukimwi mwaka 2012, lakini utingo anayevuka mpaka bado anaombwa barua.

Baada ya Marekani kusitisha misaada Januari 2025, baadhi ya wahudumu waliachishwa kazi, na kliniki zilizokuwa zikijitegemea zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa simu walikuwa miongoni mwa walioondoka. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa gharama ndogo: kila kituo kiwe na mhudumu mmoja anayejulikana, simu ya kazi inayolipiwa muda wa maongezi na kaunti, na kanuni kwamba uhamisho hauhesabiwi kuwa umekamilika hadi kituo kilichompokea mgonjwa kijibu. Jumuiya ya Kaunti za Pwani tayari inazikutanisha kaunti zote sita, na zinaweza kukubaliana juu ya hili bila kumsubiri mfadhili. Mombasa ndiyo ianze, kwa kuwa hospitali yake kuu ndiyo inayopokea rufaa za wenzake.