Kamba tunaisokota sisi, wanaoivuta ni wengine

Wiki yangu ya kwanza katika kiwanda cha Toyota cha Burnaston, hapa Derbyshire, Uingereza, niliona skrubu ya mlango imeingia upande. Nikanyamaza. Nilikotoka, kwenye kiwanda kimoja cha kusokota kamba za mkonge pale Tanga, ukisimamisha mashine unaulizwa marobota ya leo yatatoka wapi.

Mwenzangu akanyoosha mkono, akavuta kamba iliyopita juu ya vichwa vyetu. Taa ikawaka. Kiongozi wa kikundi akaja mbio, akamshukuru, kisha akauliza kwa nini skrubu ilikaa vile. Hakuuliza nani.

Kamba hiyo inaitwa andoni, na kwingine siku hizi ni kitufe. Gari likifikia alama iliyochorwa sakafuni na kasoro bado ipo, kazi yote husimama. Wazo ni la zamani: mwaka 1924 Sakichi Toyoda, baba wa mwanzilishi wa Toyota, alikamilisha mashine ya kufuma iliyojisimamisha yenyewe uzi ukikatika. Uzi, jamani! Kitu ambacho watu wa Tanga tumekishika tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893. Na dawa ikipatikana kiwanda kimoja, hupelekwa viwanda vyao vya nchi nyingine, ili kosa la hapa lisirudiwe kiwanda chao cha Kentucky, Marekani.

Nikisimulia haya nyumbani naambiwa Wajapani wana nidhamu, sisi hatuna. Sikubali. Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilisifika kwa utoro na magari mabovu mpaka kikafungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa kwa ubia na Toyota, wafanyakazi wengi wakiwa wale wale, na ubora ukapanda. Kilichobadilika ni namna walivyosikilizwa.

Sisemi huku ni peponi. Kazi inakimbizana na sekunde, mgongo unauma, na chai ya pamoja ya Ngamiani, kule Tanga, naikumbuka kila asubuhi.

Lakini baba yangu alisimama kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, miaka mingi, maji ya mkonge yakimwasha mikono hadi viwikoni. Kisu kikianza kuwa butu alikijua kwa mlio, kabla fundi hajafika. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko tofauti ya mishahara, maana kumsikiliza hakuhitaji mkopo wa benki.

Juzi nilimweleza kwa simu habari ya kamba. Akakaa kimya, kisha akauliza:

“Na ukiivuta, mwanangu, siku yako hawaikati?”

“Hawaikati, baba.”

Akanitaka nimweleze tena, tangu mwanzo.