Acheni Kuhifadhi Salio

Tumeletewa tena programu ya "kijiji kinachojitegemea": grafu za rangi, kuingia kwa barua pepe, na juu kabisa kisanduku kikubwa kinachosema "Maji: lita 8,000". Grafu navumilia. Hicho kisanduku sikivumilii.

Chukua simu mbili zisizo na mtandao, jambo la kila siku ukishaiacha lami kule Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Zote zinasoma lita 8,000. Mlinzi wa tangi anaandika lita 600 za bustani kwenye simu yake. Katibu anaandika 400 za shule kwenye ya kwake. Mtandao ukirudi, ya kwanza inatuma 7,400, ya pili 7,600, na anayetuma mwisho ndiye anayeaminiwa. Tangini zimebaki 7,000. Jerikeni 30 za lita 20 hazionekani, na anayeitwa kwa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, kujieleza ni mlinzi, si aliyeandika programu.

Dawa yake ya zamani kuliko kompyuta: daftari. Hifadhi miamala, yaani kilichoingia, kilichotoka, kiasi, na nani. Salio lipatikane kwa kujumlisha mistari. Kila simu iwe na kitambulisho chake na namba zake za mfuatano, 1, 2, 3. Mstari ukitumwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika katikati, namba ileile inakataliwa. Msitegemee saa ya simu. Zipo zinazoamka baada ya betri kuisha zikidhani ni 1970. Aliyekosea asifute, aongeze mstari wa kurekebisha. Na kila wiki mtu apime tangi kwa ufito wenye alama. Tofauti iandikwe kwa mstari wake, isifichwe ndani ya salio. Vikundi vya kuweka na kukopa vina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Havikumsubiri mhandisi kutoka Kampala.

Ghalani ni balaa zaidi. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, zikianikwa mpaka 13, zinabaki takriban kilo 94. Hakuna aliyeiba, jua limechukua maji yake. Programu isiyouliza unyevu kila mahindi yanapopimwa itamwita mtunza ghala mwizi wa kilo sita kwa kila gunia, tena kwa maandishi mekundu.

Haya, grafu huwafurahisha wafadhili, na tangi lenyewe limenunuliwa na wao. Wapeni. Ila msilazimishe picha kwenye kila mwamala: data Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na picha moja ni megabaiti kadhaa, wakati mstari wa daftari haufiki hata kilobaiti. Wenye kitochi wapewe USSD, ile menyu ya kubonyeza nyota na namba, isiyohitaji intaneti. Kiswahili kimo kwenye Katiba yetu tangu 2005, menyu za programu bado Kiingereza kitupu, hongereni.

Na ratiba ya zamu za kinu cha sola? Hiyo haihitaji programu: ubao na chaki.