Uwanja wa San Antonio na vichochoro vya Mombasa

Juu ya mlango wa jumba la kale linaloitwa Kasri la Gavana wa Kihispania, hapa katikati ya San Antonio, Texas, pamechongwa tai mwenye vichwa viwili pamoja na mwaka 1749. Tai huyo ni nembo ya ukoo wa Habsburg, ukoo wa Mfalme Philip II, ambaye ndiye aliyekuwa mfalme wa Hispania na wa Ureno pia wakati Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus kwetu Mombasa mwaka 1593. Kila nipitapo hapo hujihisi kama niliyekutana ugenini na mtu anayemfahamu jirani yangu.

Mji huu ulianza mwaka 1718 kwa misheni na ngome ya askari, na mwaka 1731 zikafika familia kutoka Visiwa vya Canary, zikapimiwa viwanja kwa kanuni za Kihispania: uwanja wazi katikati na kanisa kando yake. Kwenye ramani mpango huo unapendeza, lakini mwezi wa Agosti, jua likiwa utosini, uwanja huo huvukwa mbiombio. Waliojenga Mji wa Kale wa Mombasa walilijua joto vizuri zaidi, kwani walivibana vichochoro hadi nyumba zikatiliana kivuli, wakaweka na baraza nje ya mlango ili apitaye apate pa kuketi bila kuulizwa ataagiza nini.

Linalonisumbua zaidi ni wakazi. Kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1968, sehemu kubwa ya mtaa wa makazi ilibomolewa kando ya kitovu cha mji, na leo wengi ninaopishana nao karibu na Alamo, ile misheni ya kale, ni wageni wenye kamera. Kanisa Kuu la San Fernando, lililoanza kujengwa mwaka 1738, ndilo linalonituliza, kwa sababu hadi leo watu wa mji hubatizia watoto wao humo, kama sisi tunavyosali katika Msikiti wa Mandhry, uliosimama tangu karne ya 16.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wametushinda. Mwaka 1924 wanawake wa mji huu waliunda chama cha kuhifadhi majengo ya kale. Soko walilotaka kuliokoa lilibomolewa, nao hawakuvunjika moyo, wakaendelea kutetea majengo mengine na hata mto upitao katikati ya mji. Sisi husubiri serikali, au husubiriana wenyewe kwa wenyewe, maana nyumba yenye warithi kumi na watatu haina wa kuipaka chokaa. Roshani ya nyumba ya babu yangu, pale Kibokoni, imeshikizwa kwa kamba, na kila jioni shangazi yangu huketi barazani chini yake, akituhakikishia kwa simu kwamba kamba ile ni ya jahazi.