Meli mpya haifuati watu wengi

Januari 27, 2024 meli ya Icon of the Seas iliondoka Miami kwa safari yake ya kwanza ya abiria. Wakati huo hapakuwa na meli ya kitalii iliyoizidi ukubwa duniani: tani jumla 248,663, urefu wa karibu mita 365, gharama ya takriban dola bilioni 2. Agosti 2025 pacha wake, Star of the Seas, akaanzia kazi Port Canaveral, jimbo lilelile la Florida. New York, jiji lenye watu wengi kuliko yote Marekani, haikupata hata moja kati ya hizo mbili.

Mbeya hatuna bahari, lakini swali lililomo humo, kwa nini kipya kinapelekwa kule na si huku, tunalijua. Simama stendi ya Nanenane alfajiri uangalie mabasi yanavyotoka. Vyuma vipya, ambavyo viti vyake bado vina nailoni, vinaelekea Dar es Salaam. Yanayoingia barabara za ndani ni yale yaliyowahi kutamba kwenye njia ya Dar yakachoka. Mtu wa kijijini analalamika kwamba naye analipa nauli. Tajiri wa basi anajibu kwamba hakuna chuki, ni hesabu tu. Kwenye meli ubishi ni huohuo, ila pesa ni nyingi zaidi na kila upande una ushahidi wa kuonyesha.

Hesabu ya mwenye meli haianzi na idadi ya watu bandarini. Inaanza na kitanda kimoja kwa usiku mmoja: kitaingiza kiasi gani, na kwa miezi mingapi ya mwaka? Tofauti yake na tajiri wa Nanenane iko hapo. Nauli ya basi ina kikomo kilichowekwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo mwenye basi anahangaika kujaza viti. Nauli ya meli hupanda na kushuka kila wiki kwa jinsi watu wanavyoitafuta, na meli mpya hutafutwa zaidi katika miaka yake ya mwanzo. Upya wenyewe ni bidhaa, na unaharibika kama nyanya za Ilula. Ukiupeleka Alaska, ambako msimu ni kama miezi mitano ya joto, miezi inayobaki itabidi uuhamishie kwingine. Florida kuna joto mwaka mzima, na visiwa vya Karibi viko karibu.

Ukaribu huo una faida nyingine ambayo kampuni hazipendi kuitangaza sana. Royal Caribbean, kampuni yenye Icon na Star, inaendesha yenyewe kisiwa cha CocoCay huko Bahamas, na mwaka 2019 ilikizindua upya baada ya kukitengeneza kwa dola milioni 250. Meli ikitoka Miami jioni, kesho yake asubuhi iko kisiwani. Abiria akishuka, mwavuli anaoukodi, kinywaji anachonunua na bembea ya maji anayopanda vyote vinarudi kwenye mfuko uleule. Meli inayoanzia New York hutumia muda mrefu zaidi baharini kabla ya kufika huko. Kwa hiyo bandari inayopata meli mpya mara nyingi ni ile iliyo karibu na duka la mwenye meli.

Kuna pia hesabu ya watoto. Kampuni za meli huhesabu watu wawili kwa kila chumba kuwa ndiyo meli kujaa. Kwa hesabu hiyo Icon hubeba abiria 5,610. Lakini vitanda vya tatu na vya nne vikijaa, idadi inafika 7,600. Wanaojaza vitanda hivyo ni familia, na Port Canaveral iko mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Orlando, mji ambao familia za Marekani huenda kutembelea viwanja vya burudani vya Disney. Meli kubwa yenye mabwawa na bembea inakutana na wateja ambao tayari wako likizo.

Vizuizi vingine havijadiliki. Tampa iko Florida pia, ina uwanja wa ndege mzuri na wateja wa kutosha, lakini kuifikia lazima upite chini ya daraja la Sunshine Skyway, lenye nafasi ya kama mita 55 juu ya maji. Meli za ukubwa wa Icon hazipiti. Na meli nyingi mpya zinatumia gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, hivyo bandari isiyo na tishari la kuzijazia gesi hiyo ni vigumu kufikiriwa. Hapo hata mlalamikaji mkali hana la kusema.

Basi wanaolalamika wanasimamia nini? Hoja yao nzito ni kwamba hesabu ya kampuni inajithibitisha yenyewe. Bandari ikipewa meli ya zamani, nauli zake zinakuwa za chini. Mwaka ukiisha, wakubwa wanaangalia vitabu na kusema: mnaona, soko la pale halilipi. Meli mpya inapelekwa tena kulekule. Hakuna aliyewahi kupima wateja wa pale wangelipa nini kama wangeletewa kitu kizuri. Abiria wa barabara zetu za ndani anaijua mantiki hii kwa mwili wake, hasa mgongo.

Nami naona ushahidi unawaunga mkono kuliko kampuni zinavyokiri. Kwa miaka mingi safari fupi za siku tatu au nne zilikuwa kazi ya meli kuukuu. Ilikuwa kama sheria ya biashara hiyo. Halafu Julai 2024 Royal Caribbean ikachukua Utopia of the Seas, meli mpya kabisa, ikaipangia safari za usiku tatu na nne kutoka Port Canaveral tangu siku ya kwanza. Wateja walikuwepo muda wote. Kilichokuwa kikiitwa sheria kilikuwa mazoea.

Galveston, Texas, ni mfano mwingine, ingawa unakata pande zote mbili. Carnival, kampuni nyingine ya meli za kitalii, ilianza kupakia abiria huko mwaka 2000, na nyuma ya bandari hiyo kuna Houston na mamilioni ya watu wanaoweza kufika kwa gari zao bila kukata tiketi ya ndege. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka 20 hadi Desemba 2023, Carnival Jubilee ilipokuja kuanzia kazi hapo moja kwa moja kutoka ilikojengwa, Papenburg, Ujerumani. Mlalamikaji atasema: mnaona, mlichelewesha fedha bure. Mtetezi wa kampuni atajibu kwamba kwanza kilihitajika kina, gati na majengo. Royal Caribbean yenyewe ilifungua jengo la abiria la dola milioni 125 hapo Novemba 2022 ndipo ikaleta Allure of the Seas, ambayo ni ya mwaka 2010. Nadhani wote wana sehemu ya ukweli, lakini jambo la kuangalia zaidi ni nani aliweka pesa kwenye jengo. Kampuni ikizika mtaji wake ardhini, kuondoka kunaiuma. Kama bandari imejenga kwa mkopo wake yenyewe na kupewa ahadi tu, maumivu yote yako upande mmoja, kwa sababu meli ina injini na gati halina.

Wenye shaka na hilo waulize Bayonne, New Jersey. Quantum of the Seas ilifika pale Novemba 2014 ikiwa mpya, na kabla mwaka haujatimia ikahamishiwa Shanghai. Shanghai nayo isijisifu sana. Norwegian Joy ilijengwa kwa ladha ya wateja wa China mwaka 2017, na mwaka 2019 ilishatolewa huko na kupelekwa Seattle kwa safari za Alaska. Wonder of the Seas ilikusudiwa China, ikaishia kuanza kazi Fort Lauderdale mwaka 2022. Wataalamu walewale ambao hesabu zao tunaambiwa hazikosei ndio waliopanga na kupangua hayo yote.

Na wapo wasioitaka kabisa hiyo meli mpya. Juneau, Alaska, tangu 2024 inapokea meli kubwa zisizozidi tano kwa siku. Barcelona mwaka 2025 ilikubaliana na bandari yake kupunguza majengo ya abiria wa meli kutoka saba hadi matano ifikapo 2030. Kwa mwenyeji wa miji hiyo, kuachwa na meli kubwa si msiba. Meli ya wastani iliyokwisha kulipiwa deni, inayorudi kila wiki na abiria 2,000 wanaokula mjini, inaweza kuwa na faida kwa mwenye mgahawa kuliko jitu lenye migahawa 20 ndani yake.

Sasa Ziwa Nyasa. Kule Kyela tuna MV Mbeya II, meli ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyojengwa bandari ya Itungi kwa fedha za serikali, pamoja na meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja. Upande wa pili, mkoani Ruvuma, barabara ya lami imefika Mbamba Bay na bandari mpya inajengwa. Kwa hiyo ubishi wa meli ianzie wapi hauko Florida peke yake.

Ukitumia hesabu ya kitanda na usiku, Kyela inashinda leo. Ina lami hadi Mbeya, mpaka wa Kasumulu uko jirani, na Uwanja wa Ndege wa Songwe uko mkoa huohuo. Wapo pia wanaoota meli ya kitalii ya kwenda Matema na kuendelea kusini, na sioni ubaya wa ndoto hiyo ilimradi mwekezaji alete pesa yake mwenyewe, gati likiwemo. Tope na mchanga wa mito vimeshaisumbua Itungi kiasi cha shughuli kuelekezwa bandari jirani ya Kiwira. Anayetaka meli kubwa zaidi aseme kwanza nani atalipia kuchimba kina.

Lakini MV Mbeya II haikununuliwa kwa hesabu hiyo. Kutoka Matema kwenda Lupingu milima ya Livingstone inashuka hadi majini, na kuna vijiji ambavyo njia yao ya gari ni ziwa. Mjamzito wa huko hajali meli ina umri gani wala inaingiza kiasi gani kwa usiku. Anataka kujua inapita siku gani. Kuichagulia meli hiyo bandari kwa vigezo vya Miami ni kosa, na kuilaumu kwa kutoingiza faida kama ya Miami ni kosa lilelile lililogeuzwa. Vilevile, kudai ihamie Mbamba Bay kwa sababu tu gati la huko litakuwa jipya ni kufuata jengo badala ya abiria.

Kwa maoni yangu, ibaki Kiwira. Ikipatikana fedha ya meli ya pili ya abiria, isiwekwe kando yake. Ianzie Mbamba Bay, hata kama miaka ya mwanzo itasafiri nusu tupu, ili mtu wa Lupingu, Manda au Liuli aliyekwenda mjini na meli ya kaskazini aweze kurudi na ya kusini wiki hiyohiyo.