Majedwali ya Baruti Yanapopingana

Mtu anayeanza kujaza upya risasi za bunduki yake, kazi ambayo nchini Marekani ni ya kawaida miongoni mwa wawindaji na walenga shabaha, hushtuka mapema anapofungua vitabu viwili vya vipimo na kukuta vinapingana. Ganda ni lile lile la risasi ya bunduki iitwayo .308 Winchester, kichwa cha risasi kina uzito ule ule wa greni 168 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na baruti ina jina lile lile, lakini kiwango cha juu cha baruti cha kitabu kimoja kinaweza kukipita cha kingine kwa greni nzima au zaidi. Wapo wanaoamua papo hapo kwamba wachapishaji wa namba ndogo wanaogopa mawakili, basi wanashika kitabu chenye namba kubwa. Uamuzi huo ni wa hatari, kwa sababu jedwali la baruti si kanuni ya maumbile. Ni taarifa ya jaribio moja, lililofanywa kwa vifaa vilivyokuwapo siku hiyo.

Maabara hutumia mtutu fulani, ganda la kiwanda fulani, fataki (kiwashio cha baruti) ya aina fulani na baruti ya toleo fulani, na kila kimoja kina mchango wake. Ganda lenye kuta nene lina nafasi ndogo ndani, hivyo kiasi kile kile cha baruti hutoa shinikizo kubwa zaidi. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko chenye kiini cha madini ya risasi, ingawa uzito ni mmoja, kwa kuwa shaba ni nyepesi; kikikaa kwenye ganda hula nafasi ya baruti, na ndiyo maana vichwa vya aina hiyo vinahitaji majedwali yake. Hata upimaji wenyewe haukuwa mmoja siku zote. Zamani, gesi iliyopitia tundu la chemba ilisukuma pistoni iliyobana kipande kidogo cha shaba, kisha mpimaji akapima kimefupika kiasi gani. Shaba haiwahi kufuata kilele cha shinikizo kinachopita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na ndiyo sababu kikomo cha shinikizo cha .308 kilichoandikwa 52,000 kwa njia hiyo kinasomeka pauni 62,000 kwa inchi ya mraba kwa kipimo cha umeme cha leo. Anayelinganisha kitabu cha zamani na cha sasa bila kutazama ni kipimo kipi kimetumika analinganisha vitu viwili tofauti.

Mfano unaonifundisha zaidi ni risasi ya 8x57 ya Mauser. SAAMI, chombo cha watengenezaji wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, kinaikomesha kwenye pauni 35,000, ilhali CIP, chombo cha viwango cha Ulaya, inairuhusu hadi megapaskali 390, yaani zaidi kidogo ya pauni 56,000. Bunduki za Kijerumani za mwaka 1888 zilitengenezwa kwa kichwa chembamba cha inchi .318, na mwaka 1905 jeshi likahamia kichwa cha inchi .323. Ulaya hutenganisha risasi hizo mbili kwa majina. Wamarekani, wakihofia bunduki kongwe zenye mtutu mwembamba zilizo mikononi mwa watu, waliishushia risasi yote kikomo cha shinikizo. Kwa hiyo pengo hilo kubwa limetokana na historia na tahadhari, wala hakuna maabara iliyokosea. Mwenye bunduki kongwe akifuata jedwali la Ulaya bila kujua habari hii anaweza kuumia vibaya.

Majina ya baruti nayo yana mtego wake. IMR 4350 na H4350 zina namba moja, na zote mbili zimewahi kuuzwa na Hodgdon, kampuni ya baruti ya Marekani, lakini ni baruti mbili zinazoungua kwa kasi tofauti, na jedwali la moja halitumiki kwa nyingine.

Jambo ninalowalalamikia wachapishaji ni ukimya kuhusu shinikizo. Hodgdon huandika shinikizo lililopimwa kando ya kiasi cha baruti, na Lyman, mchapishaji mwingine wa vitabu vya vipimo, hufanya hivyo katika majedwali yake mengi. Vitabu kadhaa vya watengenezaji wa vichwa vya risasi hutoa uzito na mwendo tu, hata msomaji hajui kama kiwango cha juu kilisimamishwa na shinikizo, na ganda kujaa, au na uangalifu wa mpimaji. Namba hiyo ikiandikwa, ugomvi mwingi kati ya vitabu ungeeleweka kwa kutazama mara moja, na vijana wasingepata kisingizio cha kudai kwamba wanafichwa kitu.

Pia siungi mkono desturi ya kuchukua viwango vya juu vya vitabu viwili, kuvijumlisha na kugawanya kwa mbili. Namba inayopatikana haikuwahi kupimwa na mtu yeyote katika mtutu wowote. Afadhali kuchagua jedwali ambalo kichwa, ganda na fataki zake vinakaribia zaidi vile ulivyo navyo, kuanzia kiwango cha chini kilichoandikwa humo, na kupanda kidogo kidogo huku ukikagua kila ganda lililotoka. Na ukifungua kopo la toleo jipya la baruti, hata iwe ya jina lile lile, unarudi chini na kuanza upya.